Tafakari ya Wiki: Sauti ya Kijakazi, Faida ya Bwana Zake

Somo: Matendo ya Mitume 16:16–24

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, koloni la Rumi. Huko Paulo na Sila walikutana na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Luka anatueleza mambo machache juu yake: alikuwa mtumwa, waliommiliki walikuwa zaidi ya mmoja, na kuagua kwake kuliwapatia bwana zake faida nyingi. Jina lake hatupewi, wala umri. Mji ulimjua kwa sauti yake, na hata sauti hiyo haikuwa yake.

Tumelichagua somo hili kwa ajili ya vijana wetu wanaotengeneza maudhui mtandaoni, na wazazi wao wanaokosa usingizi. Wanauliza kama kazi hii inamvua mtu utu. Wengi wakishauliza hilo huongeza lingine kwa sauti ya chini: ni kweli kwamba waliofanikiwa wametoa kafara, wamesafishwa nyota, wameingia Freemason? Maswali haya hayatenganiki kirahisi. Pale Filipi pepo, biashara na binti vilikuwa mahali pamoja.

Angalieni kwanza kwamba yule binti alisema kweli. Aliwafuata akina Paulo akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, na alifanya hivyo siku nyingi. Kwa wamisionari wageni, katika mji usiowajua, hilo lilikuwa tangazo la bure kutoka kwa mtu ambaye mji mzima ulikuwa unamsikiliza. Paulo alilikataa. Wala hakumgombeza binti. Aligeuka akasema na pepo. Maneno yalikuwa sahihi, lakini aliyeyasema hakuwa na uwezo wa kunyamaza, na watu wengine walikuwa wanakula kwa kinywa chake. Kwa hiyo mtengeneza maudhui akituuliza kama kazi yake inamla, tunamuuliza mambo mawili: unaweza kunyamaza? Na ukinyamaza, nani atakasirika?

Wagiriki walimhusisha pepo wa namna hii na Delfi, mahali pa uaguzi palipokuwa na sifa kuliko pote katika ulimwengu wao, kwenye mteremko wa mlima Parnaso. Kuhani wa kike aliyeitwa Pithia alitoa majibu siku moja kwa mwezi, miezi tisa kwa mwaka. Kabla hajateremka kwenye chumba chake, mbuzi wa sadaka alimwagiwa maji. Akitetemeka mwili mzima, siku inafaa. Asipotetemeka, wageni warudi walikotoka. Plutarko, aliyekuwa kuhani hapohapo, ameandika kisa cha ujumbe uliofika kutoka nchi ya mbali. Mbuzi hakutetemeka. Makuhani, kwa kutaka kuwaridhisha wageni, wakaendelea kummwagia maji mpaka akalowa chapachapa, ndipo akatikisika. Pithia akateremka bila kutaka. Tangu jibu la kwanza sauti yake ilikwaruza, kisha akapiga ukelele wa kutisha, akakimbilia mlangoni, akajitupa chini. Watu wote wakatoka mbio, makuhani nao wakiwemo. Waliporudi wakamwokota akiwa na fahamu zake. Aliishi siku chache tu.

Hata wapagani, basi, walimwekea mwaguzi wao siku za kunyamaza, na maafa yakaja pale wageni walipoonekana muhimu kuliko yeye. Simu haina mbuzi wa kumwagia maji. Ukifungua programu ya YouTube ya wenye chaneli, kitu cha kwanza unachoonyeshwa ni video yako ya mwisho imeshika nafasi ya ngapi kati ya kumi zilizopita. Ukiwa wa tisa au wa kumi, mwili wote unajua kabla hujasoma neno lolote. Chini yake kuna mstari unaoonyesha, sekunde kwa sekunde, watu wameondoka wapi. Mhariri akiona mstari umezama, huirudia video na kutafuta kosa, na mara nyingi anakuta hakuna kosa lolote: msemaji alinyamaza kidogo, akavuta pumzi. Basi zile sehemu tambarare kwenye wimbi la sauti hukatwa, moja baada ya nyingine, mpaka mtu anasikika akiongea dakika nane bila kupumua. Kukata pumzi kwenye video si dhambi. Lakini mtu anayejitazama hivyo kila siku huanza kuiona pumzi aliyopuliziwa na Mungu kama hasara. Zaburi 115:8 inasema juu ya sanamu: “Wazifanyao watafanana nazo.” Zina vinywa lakini hazisemi, zina macho lakini hazioni.

Kwetu watu wanamwogopa msukule. Masimulizi yanasema ni mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe amechukuliwa, amekatwa ulimi, analimishwa shamba la mwingine usiku na kulishwa pumba. Hatutaingia kwenye ubishi wa masimulizi hayo. Tunasema tu kwamba kuna watu wanaoogopa kufanywa misukule na mchawi, huku wakiwa wameshaajiriwa kwa masharti yaleyale kwa hiari yao. Tazameni laivu za TikTok saa saba za usiku. Wawili wanashindanishwa kwa dakika tano, watazamaji wanatuma zawadi, na anayeshindwa anapewa adhabu: ajimwagie unga, ajipake masizi, abweke. Ua la waridi ni sarafu 1, simba ni sarafu 29,999, na takriban nusu ya thamani ya zawadi hubaki kwa wenye mtandao. Mama mwenye unga kichwani anashukuru kwa waridi moja na kuanza mechi nyingine, kwa sababu aliyetuma simba jana huenda akarudi. Asubuhi ana kazi na watoto. Hakuna mganga aliyehusika hapo.

Wanaohusika na uganga huingia kwa mlango mwingine, ule wa takwimu zilizokwama. Ukurasa haukui, pesa haiji, na jirani anasema nyota yako imefungwa. Kabla hujaamini, kagua mambo yenye majina. YouTube hukugawia mapato ya matangazo ukishakuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zikitazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji wa kawaida akikaa dakika 3, unahitaji kutazamwa mara 80,000 kwa mwaka, yaani kama mara 220 kila siku. Mwenye watazamaji 40 kwa siku hajafungwa na mtu, bado hajafika. Ukishafika, akaunti ya malipo ikigusa dola 10 hutumwa barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Ulipoandika jina la mtaa bila S.L.P., barua hiyo inaweza isikufikie kamwe, na miezi 4 ikipita bila kuthibitisha matangazo husimamishwa. Malipo yenyewe hayatoki mpaka dola 100 zitimie. Kuna watu waliopeleka kuku kwa mganga kwa ajili ya barua iliyolala posta.

Hali kadhalika na chuma ulete, ile imani kwamba kuna mtu anazivuta pesa zako kichawi. Pesa ikipungua, fungua kwanza sehemu ya taarifa za kodi kwenye akaunti yako ya malipo. Asiyejaza fomu ya kodi ya Marekani anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, ya dunia nzima. Akiijaza, Mtanzania au Mkenya hukatwa asilimia 30, lakini kwa sehemu tu iliyotokana na watazamaji walioko Marekani, ambayo kwa wengi wetu ni ndogo. Kenya pia inakata asilimia 5 ya malipo ya watengeneza maudhui wakazi tangu Julai 2023. Januari mapato hushuka karibu kwa kila mtu, kwa kuwa watangazaji wamemaliza bajeti zao Desemba. Ukiweka wimbo wa msanii chini ya video yako, mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video hiyo yote, tena kwa haki. Haya yote yanachunguzika kwa saa moja ukiwa na daftari. Tunawasihi mchunguze kabla ya kumtuhumu shangazi.

Maana mganga wa mtandaoni lazima atamtaja shangazi. Utaratibu wake ni uleule. Chini ya video yako yanaanza kuonekana maoni ya shukrani kwa “daktari” fulani, maneno yaleyale chini ya majina tofauti, na namba ya WhatsApp. Ukiandika, unaombwa jina lako na la mama yako, tarehe ya kuzaliwa na picha. Jibu linarudi kwamba nyota yako ni kubwa sana na kuna ndugu wa karibu, mwanamke, ameifunika. Fedha ya kwanza ni ndogo, ya ubani na udi. Ya pili ni ya kondoo wa kafara. Kisha dawa imegoma, mizimu imekasirika, inatakiwa ya tatu, na ukikataa unakumbushwa kwamba picha yako na jina la mama yako anavyo. Aliyekwisha kunaswa asilipe tena hata shilingi, asifute ujumbe wowote, na kwa Tanzania aitume namba ya mganga huyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha aende polisi na simu yake. Halafu aje kwetu. Hatutamtangaza madhabahuni.

Fedha iliyopotea ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba sasa anamtazama dada wa baba yake kwa jicho jingine. Sisi tuliozaliwa nchi hizi tunajua jambo hilo hufika wapi. Usukumani bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa ahadi ya utajiri. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili alichukuliwa huko Muleba, Kagera, na kuuawa. Anayetafuta mali kwa njia hii huanza kwa kujiuza mwenyewe, na njia ikiendelea humfikia mtu mwingine, asiye na hatia, ambaye ameshageuzwa kuwa dawa.

Juu ya Freemason tutasema kwa kifupi. Ni chama chenye historia inayojulikana: Grand Lodge ya kwanza, yaani baraza lao kuu, iliundwa London mwaka 1717, jengo lao la Dar es Salaam lina anwani, na Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, alikiongoza Afrika Mashariki kwa jina lake halisi. Mtu huingia kwa kupendekezwa na wanachama na kupigiwa kura, na yeye ndiye anayelipa ada. Ujumbe wa simu unaokualika ujiunge ulipwe mamilioni umetoka kwa mwizi wa kawaida. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga, katika tamko la Novemba 1983, na makanisa mengine mengi yana msimamo huohuo. Nasi tunawaambia mkae mbali. Lakini kukaa mbali hakukupi ruhusa ya kusema uongo. Kijana mwenye chaneli kubwa akifiwa na mama yake, na wapendwa wakaandika chini ya picha ya jeneza kwamba amemtoa kafara, hao ndio waliomvua utu siku hiyo. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haina kipengele kinachowaondoa watu maarufu.

Na tusijifiche nyuma ya waganga. Mafuta yanayouzwa kwa chupa ili ukurasa upate wafuasi, yamwagwe juu ya simu usiku wa manane, yana baba yao katika Matendo 8: Simoni, aliyeleta fedha mbele ya mitume ili anunue uwezo. Ile kanuni inayosambaa, kuandika unachokitaka mara 3 asubuhi, 6 mchana na 9 usiku ili ulimwengu ukuletee, haigeuki kuwa sala kwa kumalizia na “amina”. Sala inaongea na Baba, ambaye anaweza kusema hapana.

Sasa tufike mahali panapotuuma zaidi. Makanisa yetu nayo yana chaneli, na video inayotazamwa sana kwenye chaneli nyingi za makanisa ni ya mtu anayetolewa pepo. Dada amelala sakafuni, kitenge kimefunguka, povu mdomoni, kipaza sauti kimesogezwa karibu ili pepo aseme ameingiaje. Kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi kubwa. Matangazo yanaingia katikati. Wapendwa, hapa tumerudi Filipi, na safari hii tumekaa upande wa bwana zake: kuna binti, kuna pepo anayesema kwa kinywa chake, na kuna watu wanaopata faida. Paulo alimnyamazisha yule pepo alipokuwa akimsifu. Sisi tunamwomba aendelee kuongea mpaka kamera ya pili iwe tayari.

Kwa hiyo wahudumu wa kamera washike haya. Mtu akianguka, kamera zote zielekee juu kwenye dari au kwa kwaya, na laivu ibaki na sauti ya wimbo tu. Kwa hili mmoja wenu awe na mamlaka ya kukata picha bila kumuuliza mchungaji. Wanawake wawili wakae tayari na kanga za kumfunika. Pepo akitaja jina la mtu, iwe jirani, mama mkwe au mke mwenza, jina hilo lisitoke nje ya chumba kwa video, kwa sauti wala kwa kundi la WhatsApp. Biblia inamwita Shetani baba wa uongo. Hatuwezi kumpokea kama shahidi. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa. Ushuhuda ukitakiwa baadaye, aombwe ruhusa akiwa ametulia, si siku ileile, si mbele ya umati, na asiombwe na aliyemwombea, kwa sababu aliyeombewa hawezi kumkatalia. Iandikwe kwa lugha anayoielewa, na ijulikane kwamba siku yoyote akisema ifutwe, inafutwa. Chini ya miaka 18, hapana kabisa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inatumika Tanzania tangu Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata kama zisingekuwapo tungewaomba hivihivi. Video za zamani zenye nyuso zifichwe wiki hii, kisha watafutwe wahusika mmoja mmoja.

Kwa ninyi mnaofanya kazi hii kila siku, anzeni kwa kuangalia chaneli ni ya nani. Kijakazi alikuwa na mabwana, na wengi wenu mnao bila kujua. Fungua mipangilio uone barua pepe ya mmiliki mkuu ni ya nani. Ikiwa ni ya “menejimenti”, wewe ni mgeni kwenye sauti yako mwenyewe, na siku mkikosana utaondoka na nguo ulizovaa. Chaneli ya akaunti ya chapa (Brand Account, inayoweza kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja) huruhusu umiliki kuhamishwa, lakini anayepokea lazima awe ameshaongezwa kama mmiliki kwa siku 7 kabla hajafanywa mkuu, kwa hiyo lizungumzeni wakati wa amani. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako, yenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kisha weka siku ya kunyamaza, moja kwa wiki, isiyoguswa na takwimu wala maoni. Video inaweza kupangiwa saa ya kutoka bila wewe kuwapo. Takwimu zitazame mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, na karatasi pembeni ya kuandika jambo moja la kurekebisha. Maoni yasomwe na mtu mwingine unayemwamini, akuletee yanayohitaji jibu. Ukiona siku ya kunyamaza inakutetemesha mikono, usijilaumu, na usikimbilie kusema ni pepo. Huenda ni uchovu, huenda ni madeni. Mwambie mtu.

Madeni ndiyo tunayomalizia nayo wiki hii. Bwana zake walipoona tumaini la faida yao limepotea, waliwakokota Paulo na Sila mpaka sokoni, wakapigwa kwa bakora, wakafungwa. Yule binti hatajwi tena. Alibaki mtumwa, sasa asiye na faida, mikononi mwa watu waliokasirika. Katika mji huohuo palikuwa na nyumba ya Lidia, muuza rangi ya zambarau, mwanamke mwenye uwezo, ambako ndugu walikutana. Luka hasemi kama binti aliwahi kufika pale. Kwetu yupo atakayefunga ukurasa wake wa kiki, au atakayevunja mkataba na waliomnunua, na mwezi unaofuata atadaiwa kodi ya nyumba. Wazee wa kanisa wanaombwa waje na jibu kwenye ibada ya Ijumaa: kodi ya miezi mitatu itatoka mfuko gani, nani mwenye duka au karakana atampokea, na nani atakuwa anampigia simu jioni, saa ambayo alizoea kwenda laivu.